Ulinganisho: makaa ya mawe, gesi, maji, jua, upepo na nyuklia. Tupime kwa kipimo gani?

TaaYaMezani (mwanzisha mada)
Wakuu, naomba tulinganishe vyanzo vya umeme kwa utulivu. Kila mjadala wa namna hii naona watu wanashika bei ya uniti moja, wanatangaza mshindi, basi. Kwa bei hiyo jua halina mpinzani, maana paneli zimeshuka kwa takriban asilimia 90 katika muongo ulioanza 2010. Lakini uniti ya saa sita mchana na uniti ya saa mbili usiku si bidhaa moja. Mimi nauliza mawili: umeme unapatikana saa ngapi, na madhara yake anayabeba nani?

FundiGridi
Nakuunga mkono mkuu. Watu husoma megawati kwenye kibao cha mtambo wakadhani ndizo wanazopata. Sola ya megawati 100, ukichukua wastani wa mwaka mzima, inakupa kama 10 hadi 25. Nyuklia ya ukubwa huohuo ikiendeshwa vizuri inakaribia 90. Upepo uko katikati.

Kuna jambo jingine ambalo halionekani kwenye bili. Kwenye gridi, yaani mtandao wa nyaya unaounganisha mitambo na watumiaji, umeme unaozalishwa na unaotumika lazima vilingane kila sekunde. Mitambo ya mvuke na ya maji ina vyuma vizito vinavyozunguka. Mtambo mmoja ukizimika ghafla, uzito wa ile mingine unaendelea kuzunguka na kuipa gridi sekunde chache za kujiokoa. Paneli haina kinachozunguka. Inverta za kisasa, yaani vifaa vinavyogeuza umeme wa paneli ili uingie kwenye gridi, zinaweza kuifanya kazi hiyo, ila lazima zichaguliwe na kupangwa kwa makusudi tangu mwanzo.

BintiWaMasizi
Kaka Fundi umeeleza vizuri, lakini swali la pili umeliruka. Kwa makadirio ya 2014 ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi, ukihesabu kuanzia uchimbaji hadi ubomoaji wa mtambo, makaa ya mawe hutoa kama gramu 820 za hewa ukaa kwa kila uniti. Gesi 490. Nyuklia na upepo ni kama 12 tu. Hapo sijagusa vumbi laini la moshi linaloingia kwenye mapafu hadi kwenye damu. Gharama hiyo inalipwa wodini, na anayeilipa mara nyingi ni mtoto mwenye pumu anayekaa jirani na bomba la moshi. Ukisema makaa ni rahisi, umeiacha familia hiyo nje ya hesabu.

Mvuke_07
Ndiyo maana natetea gesi. Ikichomwa hutoa karibu nusu ya hewa ukaa ya makaa, na mtambo wake unawashwa na kupandishwa haraka jua linapozama.

BintiWaMasizi
Iwapo haivuji, ndugu yangu. Methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi hiyo, ikitoroka kisimani au kwenye bomba, kwa kipindi cha miaka 20 inapasha joto zaidi ya mara 80 kuliko hewa ukaa ya uzito uleule. Uvujaji mdogo tu unakula ile nusu unayojivunia.

MtoMkuu
Na maji mnayasahau? Bwawa ni betri kubwa: unafunga lango mchana, unafungulia usiku. Lakini niseme ukweli, mimi niliyapenda maji kupita kiasi hadi ukame wa 2024. Zambia ilikuwa ikipata zaidi ya asilimia 80 ya umeme wake kwenye maji, na maji ya bwawa la Kariba yaliposhuka, watu walikaa gizani saa nyingi kila siku. Halafu kuna waliohamishwa: zaidi ya milioni 1.2 kwa bwawa moja tu la Three Gorges, China. Jotoardhi halina shida hizi, hutoa umeme usiku na mchana, ila moto wa ardhini uwe karibu, na kisima unaweza kukichimba usipate kitu.

Atomu
Nyuklia inaogopwa kwa sababu ya ajali za vinu vya Chernobyl 1986 na Fukushima 2011, na hofu hiyo siidharau. Lakini Ujerumani ilizima vinu vyake vitatu vya mwisho Aprili 2023 huku ikiendelea kuchoma makaa. Kwangu mpangilio huo uligeuzwa: makaa yangetangulia kuzimwa. Udhaifu wa kweli wa nyuklia ni kwamba ujenzi huchelewa miaka na miaka na bajeti hupasuka.

TaaYaMezani
MtoMkuu umenifungua macho: niliuliza saa, kumbe kuna na msimu. Fundi, betri zinafika hapo?

FundiGridi
Betri za lithiamu zinavusha saa chache, yaani jioni hadi usiku. Haziwezi kuvusha kiangazi cha miezi. Kwa hilo bado unahitaji bwawa, nyuklia, jotoardhi, au gesi inayokaa akiba na kuchomwa mara chache.

Mvuke_07
Sawa, akiba nakubali. Na mitambo ya makaa ikifungwa, inakuwa chuma chakavu tu?

FundiGridi
Si lazima. Nyaya kubwa na transfoma tayari ziko pale, ndiyo maana baadhi ya watu wanaweka betri kwenye viwanja hivyo. Na jenereta lenyewe linaweza kutenganishwa na mashine ya mvuke, likaachwa linazunguka kwa umeme kidogo wa gridi. Tanuru limezimwa, moshi hakuna, lakini sehemu ya ule uzito niliousema mwanzo bado ipo, inaisubiri ile sekunde ambayo mtambo mwingine utaanguka.