Msimamizi wa mirathi: pango la nyumba ya marehemu nalitoleaje taarifa ya kodi?

Wakuu, shikamooni wakubwa. Niko Mbeya, naomba ushauri wenu.

Baba alifariki mwaka jana. Kikao cha ukoo kiliniteua mimi, mahakama ya mwanzo ikanithibitisha kuwa msimamizi wa mirathi. Nina miezi minne ya kupeleka orodha ya mali na madeni kwa Fomu Na. 5, kisha hesabu kwa Fomu Na. 6. Hapo sina shida.

Kinachoninyima usingizi ni kodi. Mzee ameacha nyumba Uyole yenye wapangaji watatu, na kashamba ka parachichi Tukuyu. Kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU (umeme wa kulipia kabla), hiyo imejimaliza. Ila pango naendelea kupokea mimi, na naliandika kwenye daftari lile lile la mzee, chini ya mwandiko wake. Risiti zake za kodi ya ardhi nimezikuta kwenye kopo la maziwa, ya mwisho ni ya 2019.

Sasa mapato haya ya pango nayatolea taarifa Mamlaka ya Mapato (TRA) kwa TIN, yaani namba ya mlipakodi, ya marehemu, au mirathi inafunguliwa TIN yake? Na malimbikizo ya ardhi yaingie kama deni kwenye Fomu Na. 5, ili yalipwe kabla ya kugawana? Dada zangu wanataka mgao upesi, na ninawaelewa, lakini naogopa tugawane halafu deni libaki shingoni mwangu.

Tena mdogo wetu anataka tuuze shamba. Tukiuza, kodi ya ongezeko la mtaji (ile ya faida ya kuuza mali) nailipa mimi kabla ya kugawa, au kila mrithi kwa fungu lake?

Aliyewahi kusimamia mirathi anisaidie, tafadhali.