Mrejesho: ile bunduki ya .22 iliyokuwa inatawanya risasi yadi 50

Wakuu nimerudi. Niliuliza kwa nini Ruger 10/22 yangu, bunduki ya risasi ndogo za .22 (kipenyo kama inchi 0.22), inatawanya risasi yadi 50, wengi mkasema tatizo ni skopu (darubini ya kulengea), ila mdau mmoja akasema badilisha risasi kwanza na huyo ndo kapatia, namshukuru sana. Nimeenda renji (uwanja wa kulenga shabaha) hapa Texas asubuhi upepo hamna, bunduki nimeilaza kwenye mifuko ya mchanga nikapiga zile risasi za kasi, futi 1,235 kwa sekunde, halafu za standadi futi 1,070, zote uzito wa grein 40 (kama gramu 2.6), na kila nikibadilisha aina napiga kwanza kadhaa za kuzoesha mtutu. Za standadi matundu yote unayafunika na kizibo cha soda, za kasi zinasambaa karibu mara mbili! Iko hivi, sauti inasafiri kama futi 1,125 kwa sekunde, sasa risasi ya kasi inatoka juu ya hapo halafu ikipungua njiani inavuka hiyo kasi ya sauti na inaweza kuyumba, ya standadi inaanza chini tayari. Skopu sijaigusa kabisa. Ila mitutu inatofautiana jamani, nunueni boksi mojamoja mjaribu kabla ya kubeba katoni.