Nimechoka na wapima nguo za wanawake

Wakuu, leo salamu fupi maana nimeudhika. Kila ikizuka mada ya mavazi mnajigawa mafungu mawili. Hawa: "Wazungu wamewaacha wake zao watembee uchi." Wale: "Waislamu wamewafunika wake zao kama mizigo." Na kila fungu linajiona linatutetea sisi wanawake. Nani kawatuma?

Chukueni Iran. Mwaka 1936 mfalme wao Reza Shah alipiga marufuku hijabu, polisi wakawa wanawavua wanawake shungi barabarani. Wapo walioona heri wajifungie ndani kuliko kutoka kichwa wazi. Yakaja mapinduzi ya 1979, amri ikapinduka nayo: sasa asiyejifunika ndiye mkosaji. Bibi alivuliwa kwa nguvu, mjukuu akavishwa kwa nguvu. Haya, nionesheni heshima ilikuwa upande gani hapo.

Halafu Ufaransa, mwalimu wa uhuru. Kiangazi cha 2016 mameya wa miji kadhaa ya pwani walikataza burkini, vazi la kuogelea linalofunika mwili na kichwa. Zile picha za ufukwe wa mji wa Nice mlizitazama vizuri? Mama amekaa juu ya changarawe, askari wanne wenye silaha wamemzunguka, naye anavua blauzi yake ya mikono mirefu. Wanne! Kwa blauzi! Mahakama ya juu ya utawala ilikuja kusema marufuku ya aina hiyo inavunja uhuru wa mtu, lakini yule mama alishavuliwa mbele ya watu.

Msiseme ni dini tu. Mwaka 2021 wanawake wa Norway wa mpira wa mikono wa ufukweni walivaa kaptura badala ya chupi ya bikini. Wakapigwa faini ya euro 1,500. Kanuni ilisema upande wa chupi usizidi sentimita 10. Yaani kuna watu wazima walikaa kikaoni, wakanywa na maji ya chupa, wakajadili sentimita za chupi! Wanaume wa mchezo huohuo walikuwa wakivaa kaptura zao bila kuulizwa.

Na mnaopenda neno "mila zetu", huyu ndiye ananikera kupita wote: Kamuzu Banda, aliyekuwa rais wa Malawi. Aliwakataza wanawake wa Malawi suruali na sketi fupi, marufuku ikadumu hadi miaka ya 1990. Mwenyewe je? Suti ya Kiingereza vipande vitatu na kofia ya Kizungu, kwenye jua la Afrika. Mila ilianzia kiunoni kwa wanawake, kwake haikufika hata kwenye tai.

Ninyi mnaosema kila anayejifunika ni mtumwa, nendeni mkasome Zanzibar. Enzi za utumwa, mjakazi alivaa kaniki na merikani, vitambaa vya bei rahisi, na kufunika kichwa ilikuwa ya waungwana. Utumwa ulipofutwa mwaka 1897, wanawake wale walikimbilia kanga, baadaye na buibui, kwa sababu walikuwa wamenyimwa. Nguo ileile mnayoiita pingu, wao waliivaa kutangaza kwamba hawana bwana.

Kwa hiyo sitaki kusikia tena nani anawaheshimu wanawake wake zaidi. Hilo "wake" lenyewe linanitia kichefuchefu. Na atakayekuja hapo chini kuuliza, "Wewe mwenyewe umevaaje?", namjibu mapema: nguo.