Siku 12 msituni Amani, spishi 9 tu: nirudi lini na nibadilishe nini?

Mwanamsitu (mleta uzi)

Wakuu, habari za usiku. Naomba ushauri wenu, hasa mliowahi kufanya kazi ya vyura na reptilia kwenye milima ya Tao la Mashariki.

Nasoma shahada ya uhifadhi na mradi wangu wa mwisho ni kuorodhesha amfibia na reptilia wa Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, Usambara Mashariki. Nilikwenda mwezi wa nane, nikakaa siku 12. Nilifukia ndoo 10 za lita 20 kwenye mstari mmoja karibu na Zigi ziwe mitego ya kutumbukiza wanyama, nikazungushia uzio wa nailoni, na kila siku kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa sita mchana nilikuwa nikipekua majani na kugeuza magogo.

Nimepata spishi 9. Kinyonga mmoja. Nyoka mmoja, naye nilimkuta amegongwa barabarani. Kwenye ndoo kulikuwa na majongoo, na siku mbili nilikuta kirukanjia wamekufa maji baada ya manyunyu ya usiku. Hilo liliniuma sana.

Anayenisimamia anasema niandike tu kwamba utofauti ni mdogo, nimalize. Moyo unakataa, kwa sababu kila ninachosoma kuhusu Amani kinasema kinyume. Nimebakiwa na fedha za siku 10 hivi. Nifanyeje?

Mzee wa Derema

Pole mwanangu, na hongera kwa moyo huo. Mimi si msomi, ila nimewabebea watafiti mizigo na kuwaonyesha njia kwa miaka mingi. Nikwambie ukweli: msitu ulikuwepo, ila ulikwenda wakati wenyewe umelala.

Mwezi wa nane majani yamekauka na baridi ipo. Chura wa huku anangoja mvua. Njoo masika, mwezi wa tatu mwishoni au wa nne, mvua ikishashika. Vuli pia inafaa, mwezi wa kumi na moja.

Halafu acha kumtafuta kinyonga mchana. Mchana yuko juu, rangi yake ni ya jani, utampita mara kumi. Usiku anashuka kulala kwenye ncha ya kijiti chembamba, amekunja mkia kama bangili, na rangi inapauka. Ukimmulika kwa tochi unaona kitu cheupe kinaning'inia peke yake gizani. Analala nchani makusudi: nyoka akipanda, kijiti kinatikisika, naye anajiachia anaanguka. Kwa hiyo ukimwona usivute tawi. Shika kijiti chenyewe taratibu.

Yule mwenye pembe tatu, ambaye wazungu walimpa jina la Derema yetu, usimtafute Zigi. Panda juu.

Ndoo_na_Nailoni

Namuunga mkono mzee. Naongeza ya kiufundi, maana nimefanya kazi hii Usambara na Nguru.

Kosa kubwa si ndoo, ni kukaa kimo kimoja. Zigi iko kwenye mita 450 hivi, Amani penyewe mita 900 na ushee, na vilele vinapita 1,100. Wanyama wanabadilika ukipanda. Gawa siku zako 10 kwenye vimo vitatu: chini, katikati, juu. Kila kimo kiwe na mstari wake wa ndoo, na kutafuta kwa macho usiku kuanzia saa moja na nusu hadi saa tano. Andika muda na idadi ya watu kila mara. Watu wawili kwa saa tatu ni saa sita za kazi, na bila hesabu hiyo huwezi kulinganisha kimo na kimo wala mwezi wa nane na wa nne.

Kuhusu kirukanjia: toboa ndoo chini kwa msumari wa moto, matundu madogo matano au sita, maji yasituame. Weka ndani kipande cha gogo na majani mabichi, mnyama apate pa kujificha. Na kagua ndoo alfajiri, kabla ya chai. Saa tatu umechelewa.

Kingine, usiwaache wale wasioingia kwenye ndoo wala kupanda majani. Chukua jembe dogo, chimba udongo laini chini ya majani yaliyooza. Amani kuna amfibia asiye na miguu, Boulengerula, ambaye wenyeji wengi wanamwita mnyoo au ndumakuwili. Orodha isiyo na huyo inaonyesha mtafiti hakuinama.

Sikio la Usiku

Mimi ningeacha ndoo kabisa. Siku 10 ni chache, na kufukia mistari mitatu kunakula siku mbili nzima. Tumia simu kurekodi sauti. Simama dakika 10 kila kituo, zima tochi, sikiliza. Yule chura mdogo anayekaa kwenye majani ya kimo cha goti, Nectophrynoides tornieri, sauti yake ni kama kijiko kikigonga glasi. Ukishaijua huisahau. Na huyo ni wa kwetu hasa: jenasi nzima ipo Tanzania tu, na hatagi mayai majini kama chura wa bondeni. Jike anazaa vitoto vilivyokamilika, vidogo mno.

Ndoo_na_Nailoni

Mkuu sauti ni sawa, lakini wapo wasioita, na nyoka na mijusi hawaiti kabisa. Wadogo wa kwenye majani yaliyoanguka, kama kinyonga-kibete, wanapatikana sana kwa ndoo. Kama siku ni chache, apunguze ndoo ziwe tano kila mstari, asiziache.

Askari Misitu

Mdogo wangu, mambo mawili kabla hujapanda.

La kwanza, kibali. Kwa kuhesabu na kupiga picha, barua ya chuo na kibali cha TFS (Wakala wa Huduma za Misitu) uwe navyo mkononi, umpitie mhifadhi kabla hujaingia. Ukitaka kuchukua mnyama hata mmoja kama sampuli, hiyo ni habari nyingine, inakwenda TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori) na Idara ya Wanyamapori. Usifanye mzaha na vinyonga, wako kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea pori, na biashara ya kuwaiba ipo.

La pili, nyoka. Amani kuna swila wa msituni, na kuna yule nyoka-kijiti mwembamba anayejinyoosha tawini ukadhani ni ukuni. Huyo wa kijiti sumu yake haina dawa yoyote inayotengenezwa. Kuna pia kifutu mdogo wa vichakani mwenye vipembe juu ya macho, naye hana dawa yake maalumu. Vaa gambuti, geuza gogo kwa fimbo yenye ndoano ukilivuta upande wako ili uwazi ubaki upande wa pili, na usitembee peke yako usiku hata siku moja. Nyoka piga picha kwa mbali. Hakuna alama ya mtihani inayolingana na mkono wako.

Mwanamsitu

Nawashukuru sana wakuu. Nimeona kosa langu. Maswali mawili: bila kuchukua sampuli nitawatambuaje? Na nimesikia watu wanasafisha buti kwa jiki, ni lazima?

Dada wa Kihansi

Ni lazima. Naomba hili ulichukulie kwa uzito.

Chura wa Kihansi aliishi sehemu moja tu duniani, kwenye manyunyu ya maporomoko ya mto Kihansi, milima ya Udzungwa. Maji yalipoelekezwa kwenye umeme manyunyu yakapungua, halafu mwaka 2003 idadi ikaporomoka ghafla, na kwenye chura waliokufa kukakutwa kuvu wa kitridi, anayeshambulia ngozi ya chura. Mwaka 2009 akatangazwa ametoweka porini. Alipona kwa sababu wachache walikuwa wamepelekwa Marekani mapema, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa. Kuvu huyo anasafiri kwenye tope la buti. Sugua tope lote liishe kwanza, kisha loweka kwenye maji ya jiki, suuza, anika juani. Fanya hivyo kila unapohama kijito. Glavu mpya au mfuko mpya kwa kila chura, mkono wako usiguse wawili.

Utambuzi: kila mnyama picha nne. Mgongo, ubavu, tumbo, na vidole vya mbele na nyuma, rula ikiwa pembeni. Wanafunzi wengi wanapiga mgongo tu, na mgongo ndio unaobadilika rangi. Tumbo na vidole ndivyo vinavyosema jina. Andika kimo, mahali pa GPS, na alikuwa amekaa wapi: jani, tope, ndani ya mgomba-mwitu, kimo gani kutoka ardhini.

Na kwenye ripoti usiandike "hayupo". Andika "hakuonekana", na saa ulizomtafuta. Amani kuna chura, Parhoplophryne usambarica, anayejulikana kwa sampuli moja tu iliyopatikana miaka ya 1920. Sisi wengine bado tunamtafuta.

Mwanamsitu (baada ya miezi saba)

Wakuu, niko Amani, leo ni usiku wa nne. Mvua haijakatika tangu juzi. Nimefuata ushauri wenu: vimo vitatu, ndoo tano tano, jiki kila kijito. Nimefika spishi 23, vinyonga peke yao aina nne. Yule wa pembe tatu nimemwona saa tatu usiku, amelala kwenye ncha ya mfito kama mzee alivyosema, na nimekaa naye dakika tano bila kumgusa.

Leo kwenye maji yaliyotuama kwenye maungio ya majani ya mgomba-mwitu nimekuta chura mweusi, mdogo kama ukucha wa kidole gumba. Naweka picha. Ni nani huyu?

Dada wa Kihansi

Hongera sana mdogo wangu! Hiyo ni picha ya mgongo. Mgeuze taratibu, tuonyeshe tumbo na vidole. Mimi silali mpaka uweke.