Mkaguzi amekiri mbele ya behewa zima kwamba nimelipa nauli, kisha akaniandikia nauli ya adhabu

Msafiri wa Alfajiri (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, hasa ninyi mnaoishi England na kupanda treni kwenda kazini, ninaandika karatasi ya adhabu ikiwa bado mkononi, na sitasubiri hasira ipoe. Mkaguzi ninayemsema mnamfahamu. Kampuni yake mnaifahamu zaidi. Sitawataja, kwa sababu hakuna aliyewahi kupanda treni za njia ile ambaye hamtambui mtu yule kwa kikohozi chake tu kabla hajaingia behewani.

Nilinunua tiketi kwenye mashine ya kituoni, nikalipa kwa kadi ya benki, nikaiingiza kwenye tundu la geti, nayo ikatokea upande wa pili na geti likafunguka. Ni zile tiketi ndogo za karatasi ngumu zenye rangi ya machungwa, ambazo upepo wa jukwaani ukizipata huzioni tena. Kati ya geti na kiti changu ikapotea. Mkaguzi alipofika nilipekua koti, mkoba na chini ya kiti, kisha nikamwonyesha ujumbe wa benki kwenye simu, wenye kiasi kilekile cha nauli na saa ileile niliyoingia kituoni. Aliusoma wote, akanitazama usoni, akasema kwa sauti ambayo nina hakika dereva aliisikia kule mbele: "Ninakuamini kabisa kwamba umelipa." Nikamshukuru. Naye akaongeza palepale: "Sasa nipe jina na anwani yako nikuandikie."

Ninakuamini kabisa! Angeniita mwizi ningejua la kumjibu, maana mtu akituhumiwa huwa ana la kujitetea. Lakini huyu alinisafisha kwa mdomo wake mwenyewe mbele ya abiria wote, kisha akaniadhibu kwa kosa ambalo alikuwa ametoka kusema kwamba sikulifanya. Tangu tarehe 23 Januari 2023 nauli ya adhabu ni pauni 100 pamoja na nauli kamili ya kwenda, na ukilipa ndani ya siku 21 inashuka hadi pauni 50 pamoja na nauli hiyohiyo. Yaani kiti kimoja nimekilipia mara mbili, kisha nikaongezewa adhabu juu yake, na anayenitoza anakiri kwamba anajua hivyo. Zamani ilikuwa pauni 20 au mara mbili ya nauli, kwa kutazama kilicho kikubwa, na hata hizo nisingezilipa kwa mtu aliyeniambia ananiamini.

Kipanga Mweupe

Pole sana, mkuu, lakini swali langu ni moja: mtu mzima anapotezaje tiketi kati ya geti na kiti? Umbali huo hata mtoto wa chekechea huuvuka na puto lake likiwa salama mkononi.

Mama Zuhura

Mimi namjua huyo mkaguzi, na kikohozi hicho ni chake kweli. Aliwahi kunisimamisha nikiwa na mtoto mgongoni, tiketi ikiwa ndani ya simu, na simu ikazimika nilipokuwa naifungua. Nilimwomba anisubiri niichomeke kwenye umeme uliopo palepale chini ya kiti, akanijibu kwamba simu isiyowaka ni sawa na tiketi ambayo haipo. Basi usidhani umeonewa peke yako, mdogo wangu, kwa maana mimi hata hiyo "ninakuamini" sikuipata.

Wakili wa Kijiwe

Mtoa mada ana uchungu, na uchungu wake ni wa haki, ila sheria haimsaidii kwa njia anayodhani. Masharti ya usafiri yanamtaka abiria aonyeshe tiketi halali anapoombwa, na hayaulizi kama alilipa au hakulipa. Mkaguzi anaweza kukuamini hadi machozi yakamtoka na bado akakuandikia. Hoja yao ya siku zote ni kwamba ujumbe wa benki unaonyesha fedha zimetoka, lakini hauonyeshi tiketi ni ya safari gani, wala kwamba hukumpa mtu mwingine aliyekaa behewa la nyuma.

Msafiri wa Alfajiri

Wakili, hoja hiyo angekuwa nayo mkaguzi aliyenitilia shaka. Wangu hakunitilia shaka. Alisema ananiamini kabisa, na neno "kabisa" alilitamka yeye mwenyewe, sikumlazimisha. Kama anaamini kwamba nimelipa, basi anaamini pia kwamba kampuni yake tayari imeshapokea fedha zangu, na anachokidai ni malipo ya kipande cha karatasi. Nawe Kipanga, nitakujibu siku utakayosimama kwenye jukwaa lile wakati treni ya haraka inapita bila kusimama.

Wakili wa Kijiwe

Basi kata rufaa, tena uiandike hivyohivyo. Una siku 21, na ukishaiwasilisha, muda wa kulipa unasimama hadi uamuzi utoke. Rufaa ina ngazi tatu, na ya mwisho husikilizwa na jopo huru. Kanuni za mwaka 2018 zinatambua sababu tatu: kwamba adhabu haikutozwa kwa kufuata kanuni, kwamba wewe si mtu anayepaswa kuilipa, au kwamba zipo sababu nzito katika mazingira yako za kukuondolea. Yako ni ya tatu. Ambatanisha taarifa ya benki na uandike maneno ya mkaguzi neno kwa neno. Usiache kulipa ukanyamaza tu, kwa sababu nauli ya adhabu si hatia ya jinai, lakini ukimya wako unaweza kukuletea barua mbaya kuliko hiyo.

Mzee wa Behewa la Mwisho

Barua hizo nazijua. Kampuni zilikuwa zikiwapeleka watu mahakamani kwa sheria ya reli ya mwaka 1889, kesi zikiamuliwa na hakimu mmoja faraghani kwa kusoma karatasi tu, wakati sheria hiyo haikuwa imeruhusiwa kutumika katika utaratibu huo. Agosti 2024 hakimu mkuu akatangaza kwamba hukumu hizo ni batili, na zilikadiriwa kufika 74,000. Nyumbani kwangu tulikuwa na moja kati ya hizo, na hakuna aliyekuja kutuomba radhi. Wewe umeambiwa "ninakuamini". Sisi tuliambiwa tuna hatia kwa barua ya posta, na jina letu likiwa limekosewa.

Binti wa Ziwani

Mnazungumza tiketi zilizopotea, na mimi nimeadhibiwa nikiwa na tiketi mkononi! Nina kadi ya punguzo ya vijana wa miaka 16 hadi 25, ile inayopunguza theluthi ya nauli. Nikasafiri saa mbili asubuhi kwa tiketi ya pauni tisa, nikaambiwa kwamba kabla ya saa nne asubuhi siku za kazi nauli ya chini kwa kadi hiyo ni pauni 12. Kwa pengo la pauni tatu nikaandikiwa pauni 100!

Kipanga Mweupe

Sharti hilo limeandikwa wazi kwenye masharti ya kadi, dada yangu. Ulipaswa kulisoma kabla ya kusafiri.

Mama Zuhura

Kipanga, wewe ni mjomba wake yule mkaguzi? Kila aliyeumia humu unamwona mkosaji.

Wakili wa Kijiwe

Binti wa Ziwani, subiri kwanza. Nauli hiyo ya chini haitumiki mwezi wa Julai na Agosti. Uliandikiwa lini?

Binti wa Ziwani

Wiki iliyopita, na wiki iliyopita ilikuwa Julai! Nipeni hiyo sababu ya kwanza ya rufaa niinakili vizuri, ile ya adhabu kutotozwa kwa kufuata kanuni.