Glovu yenye cheti au kipeperushi chenye jina: kipi kina thamani zaidi?

Binti_Mdogo (mleta uzi)

Habari zenu wakuu. Naombeni ushauri kabla ya Jumamosi.

Baba yetu alitangulia mbele za haki miezi michache iliyopita. Tumebaki wawili, kaka yangu na mimi. Vingi tumeshagawana bila neno lolote. Vimebaki vitu viwili, vyote vina saini ya Muhammad Ali, na wazee wameamua nichague mimi kwanza kwa sababu ndiye niliyemuuguza mzee mpaka mwisho.

Cha kwanza ni glovu nyekundu ya Everlast, moja tu, ya mkono wa kulia. Saini imeandikwa kwa maka peni nyeusi, kubwa, unaisoma hata ukiwa umesimama mlangoni. Mzee aliinunua mtandaoni, ikaja na cheti chenye stika inayong'aa.

Cha pili ni kipeperushi cha dini kinachoeleza Uislamu, karatasi imeshageuka njano. Hiki mzee alikipokea mkononi mwa Ali mwenyewe, uwanja wa ndege, alipokuwa akifanya kazi ya kupakia mizigo. Kina saini, tarehe ya mwaka 1987, na juu yake limeandikwa jina. Hiki hakina cheti.

Nikiviweka pamoja mezani, kipi ni cha pesa na kipi ni cha kumbukumbu tu? Sina mpango wa kuuza sasa hivi, ila sitaki kuja kujilaumu.

Mzee wa Mnada

Pole sana kwa msiba, dada.

Chukua glovu, wala usipoteze usingizi. Mnunuzi anapenda kitu cha kuweka sebuleni mgeni akiingia akione. Glovu ndiyo jembe la bondia, haihitaji maelezo. Kipeperushi unamwonyesha mtu anadhani umemletea mahubiri.

Halafu hivyo vipeperushi Ali aligawa kwa wingi mno. Alikuwa akivisaini nyumbani mapema, anajaza begi, anatoka navyo. Alimpa kila aliyemsogelea. Saini yake si adimu hata kidogo ukilinganisha na ya mchezaji aliyefariki kijana. Na hilo jina juu yake linakushusha zaidi: mtu anayetaka kununua hataki kuning'iniza ukutani salamu za mtu mwingine.

Chumvi Nyingi

Mzee, taratibu. Umeshaiuza glovu kabla hujauliza cheti kimetolewa na nani.

Huko Marekani mwishoni mwa miaka ya 1990, FBI waliendesha upelelezi walioupa jina la Operation Bullpen dhidi ya mtandao wa watu waliokuwa wakighushi saini za wanamichezo. Katika mizigo waliyokamata kulikuwa na mipira ya besiboli yenye saini ya Mama Teresa. Tafakari hapo kidogo: mtu aliketi mezani, akawaza kwamba sista wa Kalkuta anafaa kusaini mpira wa besiboli, na bidhaa ikapata wateja. Makadirio ya FBI wakati huo yalikuwa kwamba zaidi ya nusu ya saini za wanamichezo wanaotafutwa sana zilizokuwa sokoni ni za bandia. Na vyeti zilikuwa navyo. Cheti kinahitaji printa tu.

Binti, angalia nyuma ya hicho cheti utuambie jina la aliyekitoa.

Binti_Mdogo

Nimeangalia. Kimetolewa na duka lililomuuzia mzee. Kina namba, lakini tovuti iliyoandikwa pale haifunguki tena.

Mzee wa Mnada

Basi hapo napunguza sauti kidogo.

Cheti cha muuzaji ni sawa na mwanafunzi kujisahihishia mtihani. Wakusanyaji wanaheshimu kampuni tatu hivi za ukaguzi: PSA/DNA, JSA na Beckett. Hao hawauzi hiyo bidhaa, wanakagua mwandiko, wanabandika stika yenye namba, na namba unaitafuta kwenye kanzidata yao. Ukiamua kuuza, glovu bila mmoja wao inakwenda kwa bei ya kutupa hata kama ni halali.

Ila tuelewane, hata hao wanatoa maoni ya mtaalamu. Hawakuwepo Ali akisaini. Mfumo wa kushuhudia upo, ligi kuu ya besiboli ya Marekani iliuanzisha mwaka 2001 baada ya kashfa hiyohiyo, na shahidi anakuwa papo hapo mambo yakitokea. Ngumi hazina kitu kama hicho, na mzee wetu aliyepewa kipeperushi hakuwa na stika mfukoni.

Ngumi Jiwe

Mimi nina swali moja tu kuhusu glovu. Cheti kinasema ilisainiwa lini?

Binti_Mdogo

2005.

Ngumi Jiwe

Na umesema saini ni kubwa, inasomeka kutoka mlangoni?

Nieleze kwa nini nauliza. Mwandiko wa Ali una umri. Kabla ya Machi 1964 alisaini Cassius Clay, jina lake la kuzaliwa, kwa hiyo ukiona "Muhammad Ali" kwenye picha inayodaiwa kusainiwa baada tu ya Olimpiki ya Roma ya 1960, kimbia. Miaka ya 1970 alikuwa anaachia mkono, herufi pana, mstari unatiririka. Mwaka 1984 aligundulika kuwa na dalili za Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka, na kadiri miaka ilivyokwenda saini ikawa ndogo, imebanana, mstari unatetemeka. Kufikia miaka ya 2000 ilimchukua muda kumaliza jina lake.

Sasa saini kubwa yenye kutiririka, ya mwaka 2005! Sisemi ni bandia, sijaiona. Nasema ningekuwa mimi ningechukua kioo cha kukuzia nikaangalia kama mstari ulisita popote.

Ya 1987 kwenye kipeperushi, ikiwa bado ina nguvu kiasi, inaendana na wakati wake. Na kuandika tarehe ilikuwa kawaida yake katika vile vipeperushi.

KalamuTatu

Mnazungumzia wino kana kwamba wino ndio unaonunuliwa. Wenye pesa kubwa hata wino hawauhitaji.

Jezi aliyoivaa Maradona tarehe 22 Juni 1986 dhidi ya Uingereza, siku ya lile bao la mkono, Steve Hodge, mchezaji wa Uingereza, alibadilishana naye baada ya mechi. Mwaka 2022 ikauzwa mnadani kwa pauni milioni 7.1. Hakuna aliyeuliza kama imesainiwa. Ubishi ulikuwa mwingine kabisa: binti wa Maradona alisema si ile ya kipindi cha pili, bao lilipofungwa. Wauzaji wakailinganisha na picha za siku ile, nembo kwa nembo, mstari kwa mstari, ndipo nyundo ikagongwa.

Au chukueni ile leso ya karatasi ya Barcelona, ya tarehe 14 Desemba 2000, ambayo Carles Rexach, mkurugenzi wa klabu upande wa michezo, aliandika kwa kalamu kwamba atamsajili mtoto Messi. Iliuzwa 2024 kwa zaidi ya pauni laki saba na nusu. Saini zilizopo ni za Rexach na mawakala wawili. Messi mwenyewe hakuisaini! Mtoto wa miaka 13 hakuwepo hata kwenye meza.

Na tukirudi kwa Ali, glovu alizovaa alipompiga bingwa wa dunia Sonny Liston mwaka 1964 ziliuzwa 2014 kwa dola 836,500. Glovu ya dukani iliyosainiwa haikaribii hapo kamwe, kwa sababu haijampiga mtu.

Kinachonunuliwa ni ushahidi kwamba kitu kilikuwepo. Ndiyo maana mimi nachagua kipeperushi. Glovu ina cheti na haina hadithi. Kipeperushi kina hadithi, na hadithi inaweza kutafutiwa ushahidi: kitambulisho cha kazi cha mzee, picha, habari ya gazeti kwamba Ali alipita uwanja ule siku ile. Tarehe si ipo?

Mzee wa Mnada

KalamuTatu, hiyo ni mifano ya mamilioni. Hapa tunaongelea vitu vya kawaida vya familia. Ukivipeleka vyote viwili kwa mkaguzi vikapita, glovu bado inakizidi kipeperushi mara kadhaa. Na nyumba ya mnada itachukua chake pande zote, kwa muuzaji na kwa mnunuzi. Ukitoa hiyo, na ada ya ukaguzi, na usafirishaji wenye bima, kipeperushi kinaweza kukurudishia nauli tu.

KalamuTatu

*Vikapita.* Neno hilo limebeba mzigo mzito sana katika sentensi yako.

Fundi Fremu

Nimeona kipeperushi kimegeuka njano nikashtuka. Dada, tafadhali usikipeleke kulaminetiwa. Nina picha ya timu nzima iliyosainiwa, wachezaji 11, niliipitisha kwenye ile mashine ya moto nikidhani naiokoa. Plastiki imegandana na wino, haitoki tena. Mkaguzi aliirudisha bila hata kuifungua bahasha ya ndani.

Kosa la pili sikulifanya mimi, ila nimeletewa kazini zaidi ya mara moja: mtu anaona saini imefifia, anapitisha kalamu juu yake ili "ikolee". Hapo umeshageuka mghushi wa mali yako mwenyewe.

Ngumi Jiwe

Binti, kuna kitu umekiruka. Umesema juu ya kipeperushi limeandikwa jina. Mzee wa Mnada kadhani ni la baba, na sote tumemfuata. Ni jina la nani?

Binti_Mdogo

La kaka.

Alikuwa na miaka minne. Baba alimwambia Ali kwamba ana mtoto wa kiume, Ali akamuuliza jina, akaliandika. Kalikosea herufi moja. Mimi sikuwa nimezaliwa.

Chumvi Nyingi

Kumbe! Kwa hiyo swali lako lilikuwa kama uchukue kitu kilichoandikwa jina la mwenzio kwa sababu pengine ni cha pesa zaidi. Ungelianza hapo, tungeokoa maneno mengi.

Binti_Mdogo

Nilijua mtasema hivyo ndiyo maana sikuandika.

Kakangu hajawahi kukifunga mahali. Kimekaa kwenye droo ya mama, kisha ya baba. Mimi ndiye niliyekuwa nakitoa na kukirudisha. Utotoni nilikuwa nauliza, "Na changu kiko wapi?" mpaka ikawa utani wa nyumbani, nikigombezwa tu kitu chochote baba ananiigiza kwa ile sauti. Miaka imepita, nimeshaanza kazi, siku moja mzee ananipigia simu ananiambia kimefika. Nikauliza nini. Akasema, "Chako." Ndiyo hiyo glovu. Alijichanga miezi sijui mingapi, na mtandao wenyewe alikuwa anasaidiwa na kijana wa jirani.

Ilikaa kwake kwa sababu nilikuwa nikihamahama. Kwenye mgawo ikaingia pamoja na vitu vyake vingine na mimi sikusema kitu.

Mzee wa Mnada

Sasa dada yangu, hesabu zangu hapo zimeisha. Nakubali.

Ngumi Jiwe

Na mimi najuta ile habari ya 2005.

Chumvi Nyingi

Mimi sijuti. Mzee huenda alitapeliwa na ukweli una haki ya kujulikana. Bado ningeipeleka kukaguliwa. Ikiwa halali, umepata zawadi ya baba na saini ya kweli pamoja. Ikiwa si halali, unabaki na zawadi ya baba yako, hilo hakuna mkaguzi wa kulifuta.

KalamuTatu

Kwa kichwa uko sawa. Lakini barua ya "haijapita" ikishaingia ndani ya nyumba haitoki, utaisoma kila ukiitazama glovu. Kitu cha kuuza lazima kikaguliwe, hilo halina mjadala. Kitu ambacho hakiuzwi, unamlipa mtu akuambie nini? Na ikitokea siku wanao wakataka kuiuza, wakaikague wao, kwa pesa yao.

Kipeperushi ndicho ningekipeleka, na bado nasema hivyo. Lile jina lenye herufi iliyokosewa linashusha bei, sawa, lakini kwangu linaongeza imani. Mtu anayeghushi ili auze haandiki jina la mtoto wa mpakia mizigo, tena kwa kukosea. Anaandika saini tupu inayomfaa kila mteja.

Chumvi Nyingi

Hapo nakuunga mkono, na sijazoea.

Binti_Mdogo

Asanteni wote. Jumamosi nitachukua glovu. Kaka nitamwambia mwenyewe habari za kipeperushi, za wakaguzi na zote, aamue. Glovu siipeleki popote.

Swali la mwisho kwa Fundi Fremu: niiweke wapi?

Fundi Fremu

Kabati dogo la kioo chenye kinga ya miale ya jua, ukuta usiotazamana na dirisha. Maka peni kwenye ngozi bandia ikikaa kwenye mwanga inageuka kahawia, kisha inapotea. Ndani ijaze karatasi nyeupe isiyo na asidi ili isilegee, usitumie magazeti, wino wake unahama. Ishike kwa chini, usipitishe kidole juu ya saini hata kwa mapenzi. Cheti kiweke kwenye bahasha yake nyuma ya kabati, pamoja na risiti ya mzee kama ipo.

Na kaka mwambie akae mbali na wenye mashine za laminesheni. Nina mbili hapa, ninajua ninachosema.