Mikoko inafukiwa kwa kifusi mchana kweupe, na kila ofisi inasema si kazi yake

Ndugu zangu, naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Kwenye mkondo wa bahari ulio jirani na mtaa wetu, huku kaskazini mwa Dar es Salaam, malori yanamwaga kifusi ndani ya mikoko, na kila ofisi niliyoipelekea taarifa imenielekeza kwa nyingine: huku wanasema msitu si wao, kule wanasema ardhi si yao, na viongozi wa mtaa, ambao muhuri wao ndio unaogongwa kwenye karatasi za mauziano ya viwanja vinavyopatikana kwa kifusi hicho, wanasema hawajui lolote.

Anayefanya kazi hii anajua anachokifanya. Mchu, mmoja wa miti ya mikoko, hauhitaji shoka ili ufe. Mizizi yake ya kupumulia huchomoza juu ya tope kama misumari, nayo ndiyo inayoupatia hewa. Ukiifukia na kuyazibia njia maji ya kujaa na kupwa, mti hukauka ukiwa umesimama, majani yakapukutika yote, na hapo ndipo dalali anapomleta mteja na kumwambia kwamba hapa hapana msitu, pana magogo makavu tu. Hakuna aliyekutwa na panga mkononi, kwa hiyo hakuna aliyekata mti.

Sheria zipo. Mikoko ya Tanzania Bara ni msitu wa hifadhi wa Serikali, na ulinzi wake ulianza tangu enzi za Wajerumani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni au ukingoni mwa mto.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba sheria hizo huamka nyumba ikishaezekwa. Tuliona Desemba 2015 katika Bonde la Mto Msimbazi, hapa hapa Dar es Salaam: alama za X nyekundu ukutani, kisha tingatinga, na familia zikalala nje juu ya vifusi vya nyumba zao. Aliyeuza kiwanja alikuwa ameshakula fedha zamani. Kwa nini tusubiri mnunuzi mwingine amalizie akiba yake kwenye msingi ambao bamvua, yale maji makuu ya bahari, litaufikia, ilhali kuzuia lori leo hakumgharimu mtu nyumba?

Malori hayo yana namba za usajili, yanapita barabara ya lami, na hayajifichi. Mwenye kujua ni ofisa wa cheo gani mwenye mamlaka ya kulisimamisha lori kabla halijamwaga mzigo, naomba aandike hapa cheo hicho na kifungu kinachompa mamlaka hayo, ili barua yangu inayofuata nimwelekezee yeye na nakala niipeleke kwa mkuu wake.